Ukingo, vitufe au upau: njia ipi ya kuperuzi kwenye simu inakufaa?

Nilikuwa nimekaa zaidi ya dakika ishirini nikijaza fomu kwenye simu. Sehemu ya mwisho ilikuwa jedwali pana kuliko kioo, na safu ya kwanza ilikuwa imejificha upande wa kushoto. Nikaweka kidole gumba karibu kabisa na ukingo, nikavuta kuelekea kulia ili safu ile ijitokeze. Jedwali halikusogea hata kidogo. Badala yake kimshale kikachungulia ukingoni, ukurasa wote ukaondoka, nikajikuta kwenye ukurasa uliotangulia. Nilipofungua menyu na kubonyeza mshale wa kwenda mbele, fomu ilirudi tupu.

Simu haikuwa na hitilafu. Kuvuta kidole kutoka ukingoni kwenda ndani ndiyo ishara ya kurudi nyuma, nami niliitoa bila kujua, simu ikatii. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kama atumie vitufe au ishara, sianzi kwa kupima ipi ina kasi. Naangalia kila njia hukosea vipi, na kosa hilo linamgharimu nini mwenye simu. Kasi ya njia zote hizi inakaribiana sana mkono ukishazoea. Makosa yake ndiyo yanayotofautiana.

Ulinganisho huu ni wa anayesitasita: amenunua simu mpya isiyo na vitufe na anajiuliza kama avirudishe, au ametumia vitufe miaka yote na anasikia wenzake wakisifia ishara.

Njia tatu zinazolinganishwa

Ya kwanza ni ishara za ukingoni. Unatelezesha kidole kutoka ukingo wa kioo kuelekea katikati, ukurasa unarudi nyuma. Kwenye iPhone, kivinjari cha Safari kina ishara hii tangu iOS 7 ya mwaka 2013: ukingo wa kushoto unarudisha nyuma, wa kulia unapeleka mbele. Upande wa Android, ishara kamili za mfumo mzima zilikuja na Android 10 mwaka 2019, na huko kingo zote mbili hufanya kazi moja, yaani kurudi nyuma.

Ya pili ni vitufe. Kwenye Android ni vile vitatu vya chini: kurudi, nyumbani, na programu za karibuni. Kwenye iPhone kitufe cha nyumbani kilianza kutoweka na iPhone X mwaka 2017, lakini vivinjari vyake vimebaki na mishale ya kurudi na kwenda mbele ndani ya kivinjari chenyewe, kwa hiyo hata huko vitufe bado vipo.

Ya tatu ni ishara za upau, nayo wengi hawajui kama ipo. Upau wa anwani, pale unapoandika jina la tovuti, unapokea kidole kwa namna zaidi ya moja. Ukiutelezesha kushoto au kulia unahama kutoka kichupo (tab, yaani ukurasa mmojawapo kati ya uliyofungua kwa pamoja) kimoja kwenda kingine, na ukiuvuta juu au chini, kutegemea ulipo, vichupo vyote vinajipanga mbele yako.

Njia ya kwanza na ya pili zinashindana, kwa sababu kwenye simu nyingi za Android unachagua moja kwenye mipangilio na nyingine inazimika. Ya tatu haishindani na yoyote. Inakaa juu ya ile uliyochagua, na kuna mtu itamfaa kuliko zote mbili.

Vigezo

Nimezipima kwa mambo matano. Kidole kinafika wapi ukiwa umeshika simu kwa mkono mmoja? Kosa la kawaida ni lipi, na linarekebishika? Njia inakula nafasi gani ya kioo? Inachukua muda gani kuizoea, na je, mgeni anaweza kuigundua bila kuelekezwa? Na mwisho, inamtendeaje mtu ambaye mkono wake unatetemeka, au asiyeona, au mwenye kidole kimoja tu kinachofanya kazi vizuri? Hili la mwisho mara nyingi huwekwa pembeni kana kwamba linawahusu wachache, ilhali kila mmoja wetu huwa na siku ambayo mkono mmoja umebeba mtoto au umefungwa bendeji.

Ishara za ukingoni

Ufikaji. Hapa ndipo zinapong'ara. Ukingo ni mrefu kama kioo, kwa hiyo popote kidole gumba kilipo, ukingo uko jirani. Hutafuti kitufe, wala huangalii chini. Kwenye Android faida ni kubwa zaidi kwa kuwa kingo zote mbili zinarudisha nyuma: mtu wa mkono wa kushoto na wa mkono wa kulia wanapata haki sawa. Kwenye Safari ya iPhone, mtu anayeshika simu kwa mkono wa kulia hulazimika kuvusha gumba hadi ukingo wa kushoto, na kwenye simu kubwa hiyo ni safari ndefu.

Makosa. Kosa kuu ni lile la fomu yangu. Ukingo unagombaniwa: jedwali pana, mfululizo wa picha za kutelezesha, ramani, menyu ya pembeni, vyote vinataka kidole kile kile kinachokwenda upande ule ule. Mfumo wa Android huiruhusu programu kuomba sehemu ya ukingo iachwe huru, lakini kwa kila upande sehemu hiyo haizidi dp 200 (dp ni kipimo cha Android cha urefu kwenye kioo), takribani sentimita 3. Kilichobaki ni cha ishara ya kurudi.

Kuna tiba mbili ambazo ningependa kila anayetumia ishara azijue. Moja ni kuanzia ndani. Ukitaka kusogeza picha au jedwali, weka kidole katikati ya kitu chenyewe, mbali na ukingo, ndipo uvute. Linaonekana dogo, lakini ni tabia inayojengwa kwa siku mbili tatu na inaondoa sehemu kubwa ya makosa. Nyingine ni kughairi kabla ya kuinua kidole. Ukishaona kimshale kimetokea, au ukurasa umeanza kuteleza, usiachie: rudisha kidole ukingoni ulikotoka, ndipo uinue. Ishara inafutika na ukurasa unabaki. Simu inahesabu ishara pale unapoinua kidole, si pale unapoanza kuvuta. Ningelijua hili siku ile, jedwali langu lingekuwa salama.

Android ina pia mipangilio ya kupunguza wepesi wa ukingo, kila upande kivyake. Kama unagusa ukingo wa kushoto kwa bahati mbaya kila mara, punguza upande huo tu.

Nafasi. Hazichukui karibu chochote. Kinabaki kijistari chembamba chini ya kioo. Kwa msomaji wa makala ndefu, mistari miwili ya ziada kwenye kila ukurasa si haba.

Kujifunza. Hapa zinaanguka. Ukingo hauna alama. Mtu akipewa simu mara ya kwanza hana kitu cha kumwambia "nivute hapa". Lazima aonyeshwe, au ajikwae. Android imejaribu kupunguza tatizo hili kwa kuonyesha, wakati kidole bado kiko kwenye kioo, hakikisho la mahali utakaporudi, ila hakikisho hilo linamsaidia aliyekwisha kuanza kuvuta. Asiyejua kwamba ukingo unavutwa halioni.

Na kwenda mbele? Kwenye Safari ukingo wa kulia unatosha. Kwenye Android yenye ishara kamili, kingo zote zimeshachukuliwa na kazi ya kurudi, basi kwenda mbele unafungua menyu ya kivinjari na kubonyeza mshale. Mwenye kazi ya kulinganisha kurasa mbili, huku na huku, atalihisi pengo hilo kila dakika.

Mahitaji maalumu. Kutelezesha kunahitaji mwendo wenye mwelekeo na kasi fulani, na mkono unaotetemeka unaweza kushindwa mara tatu kabla ya kufaulu mara moja. Kava nene yenye kingo zilizoinuka nayo inazuia kidole kuanzia pembeni kabisa. Nimewahi kushika simu ambayo mwenyewe alidhani kioo kimekufa upande mmoja, kumbe kava ndiyo ilikuwa inakiinua kidole. Tulipoivua, ishara ilifanya kazi mara ya kwanza.

Vitufe

Ufikaji. Vitufe vitatu vya Android viko chini, na gumba kinavifikia, ila mahali pake ni pamoja tu. Kama kitufe cha kurudi kiko upande wa mbali na gumba lako, utanyoosha mkono maelfu ya mara. Mpangilio wenyewe haufanani kati ya watengenezaji: kwenye simu za Pixel kitufe cha kurudi kiko kushoto, kwenye Samsung kimezoeleka kulia, na Samsung inakuruhusu kukibadilisha upande kwenye mipangilio ya upau wa usogezaji. Kabla hujaacha vitufe kwa sababu vinakuchosha, jaribu kuvigeuza pande.

Makosa. Vitufe hukosea kwa nadra, na kosa lake ni la kueleweka: ulibonyeza kile cha jirani. Mara nyingi ni nyumbani badala ya kurudi. Kivinjari kinatoweka mbele yako, lakini hakijafungwa. Ukikirudia haraka kupitia programu za karibuni, kwa kawaida unakikuta pale pale ulipokiacha. Linganisha na kosa la ukingoni, ambalo linaondoa ukurasa wenyewe, na utaona kwa nini watu wanaofanya kazi za fomu na malipo kwenye simu hung'ang'ania vitufe. Wana sababu nzuri.

Kuna kosa jingine ambalo vitufe na ukingo vinalichangia sawa. Kurudi nyuma ukiwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kichupo, kwenye Android, hakukuachi pale. Kunaweza kukufungia kichupo hicho au kukutoa nje ya kivinjari kabisa. Anayebonyeza haraka haraka mara nne tano ili afike mwanzo hujikuta kwenye kioo cha nyumbani akishangaa.

Ndani ya kivinjari, kitufe kina jambo moja ambalo ishara ya ukingoni haina. Kwenye Safari, ukibonyeza mshale wa kurudi na kuushikilia, inajitokeza orodha ya kurasa ulizopitia kwenye kichupo hicho. Unachagua yoyote na kuruka moja kwa moja. Thamani yake utaijua siku utakapokutana na ile tovuti ambayo kila ukirudi nyuma inakusukuma mbele tena, kwa sababu ukurasa wa katikati kazi yake ni kukuelekeza kwingine tu. Telezesha ukingo utakavyo, utazunguka hapo hapo. Shikilia mshale, chagua ukurasa wa kabla ya mtego, umetoka.

Nafasi. Hapa vitufe vinalipa. Ukanda wa chini unabaki pale muda wote wa kusoma, na juu yake kivinjari nacho kinaweza kuwa na upau wake. Kwenye simu ndogo iliyolazwa ubavu unaweza kubaki na dirisha jembamba la kusomea.

Kujifunza. Hakuna cha kujifunza, au kidogo sana. Pembetatu au mshale unaonekana, unabonyezwa, jambo linatokea. Mtu akikaa miezi sita bila kushika simu ile, akirudi anakumbuka.

Mahitaji maalumu. Mguso mmoja ndio mwendo mwepesi kuliko yote kwa mwili wa binadamu kwenye kioo. Ndiyo maana WCAG 2.1, mwongozo wa shirika la viwango vya wavuti la W3C wa kuwafikia wenye ulemavu, uliotoka mwaka 2018, unataka jambo lolote linalofanyika kwa vidole viwili au kwa kuchora njia kwenye kioo liweze kufanyika pia kwa mguso wa kawaida, isipokuwa pale ambapo mwendo wenyewe ndio kiini cha jambo. Ukubwa wa kitufe nao una kipimo: miongozo ya Android inapendekeza kisipungue dp 48 kila upande, takribani milimita 9 kwenye kioo, na Apple inapendekeza pointi 44. Kitufe cha kipimo hicho kinasamehe kidole kisichotulia. Hapa vitufe vinazishinda njia nyingine waziwazi.

Ishara za upau

Ufikaji. Inategemea upau uko wapi. Ukiwa juu, kwenye simu ndefu, gumba halifiki bila kuichezesha simu kiganjani, na hapo ndipo simu nyingi huanguka. Ukiwa chini, upau unakuwa mahali pazuri kuliko pote kwenye kioo. Safari iliushusha chini mwaka 2021 kwa iOS 15, na watu walioukataa waliachiwa njia ya kuurudisha juu kwenye mipangilio. Firefox ya Android ilitangulia: toleo lake lililoundwa upya mwaka 2020 lilikuja na upau chini, nalo pia linakuruhusu kuchagua. Chrome ya iPhone iliongeza chaguo hilo mwaka 2023.

Makosa. Kosa la upau ni jepesi kuliko yote: unahamia kichupo usichokikusudia. Ukitelezesha upande wa pili unarudi, na ukurasa wako, fomu yako, kila kitu kiko vile vile kwa sababu hukuondoka kwenye ukurasa, ulihama kichupo tu. Hapo ndipo nilipoanza kuipenda njia hii. Badala ya kufungua kiungo ndani ya ukurasa ninaousoma na baadaye kurudi nyuma, nabonyeza kiungo kwa kushikilia, nachagua kukifungua kwenye kichupo kipya, kisha nateleza kwenye upau kwenda na kurudi. Ukurasa wa kwanza hauguswi kabisa. Hakuna kupakia upya, hakuna kupoteza mahali nilipofikia. Na lile pengo la Android la kwenda mbele linazibika, kwa kuwa vichupo viwili vikikaa bega kwa bega unahama pande zote mbili kwa mwendo mmoja.

Tatizo la kweli liko kwenye iPhone upau ukiwa chini. Chini yake tu kuna kijistari cha mfumo, nacho ukikitelezesha pembeni kinahamisha programu nzima. Umbali kati ya viwili hivyo ni mdogo, na kidole kikishuka kidogo unajikuta kwenye programu nyingine kabisa. Lenga katikati ya maandishi ya anwani, si chini yake.

Jambo jingine: upau hujificha unaposhuka kwenye ukurasa. Usipouona, vuta ukurasa kidogo kama unayerudi juu, utajitokeza.

Nafasi. Haiongezi kitu, kwa kuwa upau ulikuwepo tayari.

Kujifunza. Ni ngumu kugundua kuliko zote. Ukingo mtu anaweza kuuvuta kwa bahati mbaya akajua. Upau wa anwani kila mtu anauona kama mahali pa kuandika, hakuna kinachodokeza kwamba unateleza. Mielekeo nayo inatofautiana. Kwenye Chrome ya Android upau ukiwa juu, unauvuta chini kuona vichupo vyote, na kwenye Safari yenye upau wa chini unausukuma juu. Mtu mwenye simu mbili za aina tofauti atachanganya, na hapo mazoea yana taabu kweli kweli.

Mahitaji maalumu. Inahitaji kutelezesha ndani ya ukanda mwembamba, kwa hiyo kwa mkono usiotulia ni ngumu kuliko hata ukingo. Faraja ni kwamba kila kinachofanyika kwa upau kinafanyika pia kwa kitufe cha vichupo, chenye mraba.

Ishara ambazo ni za wote

Yapo mambo hayabadiliki hata uchague njia gani. Kutanua vidole viwili kukuza maandishi kulifahamika kwa umma Steve Jobs alipoionyesha iPhone ya kwanza Januari 2007, na bado ndivyo tunavyofanya. Kugusa mara mbili kunakuza sehemu unayosoma, na kwenye Chrome ya Android ukigusa mara mbili bila kuinua kidole mara ya pili, kisha ukaburuta juu au chini, unakuza na kupunguza kwa kidole kimoja. Kwa anayesoma huku ameshika kitu mkono wa pili, hii ni neema. Kwenye iPhone, ukigusa sehemu ya juu kabisa ya kioo, pale penye saa, ukurasa unapanda hadi mwanzo.

Ishara moja ya wote ninayoiogopa ni kuvuta chini ili ukurasa upakiwe upya. Ilianzia kwenye Tweetie, programu ya kusomea Twitter iliyoundwa na Loren Brichter, ambako ilikuwa na maana: orodha mpya huja juu, unavuta, zinashuka. Kwenye ukurasa wa fomu haina huruma. Unarudi juu kuangalia kama uliandika jina sawasawa, kidole kinavuta zaidi ya mwanzo wa ukurasa, na yote yanafutika. Firefox ya Android ina mahali pa kuizima kwenye mipangilio ya kubinafsisha. Kwingine, dawa ni ile ile ya ukingoni: ukiona duara la kupakia linajitokeza, lirudishe juu kabla ya kuachia.

Kwa wasioona hesabu inabadilika kabisa. Kisomaji cha kioo kikiwashwa, yaani TalkBack kwenye Android au VoiceOver kwenye iPhone, ambacho hutamka kilicho kwenye kioo, kidole kimoja kikitelezeshwa kulia kinasoma kitu kinachofuata, na kugusa mara mbili ndiko kubonyeza. Kurudi nyuma kuna ishara yake: kwenye TalkBack ni kushuka kisha kwenda kushoto kwa mwendo mmoja, kwenye VoiceOver ni kusugua kwa vidole viwili kama unayechora herufi Z. Ishara hizi hazitegemei kuona ukingo wala kitufe, na mtu aliyezizoea anaperuzi kwa wepesi ambao sisi wengine hatuufikii. Anayemwelekeza asiyeona aanze na hizo.

Kuchagua kwa hali yako

Kama sehemu kubwa ya muda wako kwenye kivinjari ni kusoma, makala moja baada ya nyingine, kwa mkono mmoja, kitandani au umesimama kwenye foleni, ishara za ukingoni zitakufaa. Kosa lake litakugharimu kidogo, kwa sababu ukurasa wa kusoma ukiondoka unarudi ulivyokuwa. Jipe wiki moja bila kurudisha vitufe. Siku mbili za mwanzo zinaudhi, usizihukumu kwazo.

Kama unajaza fomu, unafanya malipo, unasimamia tovuti, au unafanya mtihani kwenye simu, baki na vitufe, au virudishe. Kwenye Android utavipata kwenye mipangilio, sehemu ya ishara au ya upau wa usogezaji, na havihitaji kuwasha simu upya. Kwenye iPhone ishara ya ukingoni ipo tu, basi zoea kuanzia ndani ya ukurasa na kutumia mishale ya kivinjari. Na fomu ikiwa ndefu kweli, andika majibu marefu kwanza kwenye programu ya kumbukumbu, kisha uyabandike. Mimi sasa ndivyo ninavyofanya.

Kama kazi yako ni kulinganisha, bei hii na ile, maelezo haya na yale, chanzo hiki na kile, ongeza ishara za upau juu ya njia unayotumia tayari. Shusha upau chini kivinjari chako kikiruhusu, fungua kila kitu kwenye kichupo chake, na uache kabisa tabia ya kurudi nyuma.

Kama simu yako ni kubwa kuliko kiganja, usibadilishe njia kabla hujajaribu kukishusha kioo. iPhone ina kipengele hicho tangu mwaka 2014, na kwenye zisizo na kitufe cha nyumbani, ukishakiwasha, unavuta chini pale penye kijistari, sehemu ya juu ya kioo inashuka hadi gumba lilipo. Android ina hali ya mkono mmoja tangu Android 12. Huenda tatizo lako si ishara wala vitufe, ni urefu wa kioo tu.

Kama unahama kati ya iPhone na Android kila siku, chagua kinachofanana pande zote. Kutelezesha kutoka ukingo wa kushoto kunarudisha nyuma kwenye zote mbili. Wa kulia sivyo: mmoja unakupeleka mbele, mwingine unakurudisha. Tumia wa kushoto peke yake na mkono wako hautachanganyikiwa.

Kama mkono unatetemeka, au vidole vina maumivu, au umri umesogea, vitufe, bila kuona haya na bila kumsikiliza anayesema vimepitwa na wakati.

Na kama simu unamwandalia mtu mwingine, mzazi kwa mfano, usimwekee njia unayoipenda wewe. Mpe simu, mwambie afungue ukurasa wowote kisha arudi alikotoka, halafu kaa kimya. Angalia kidole chake kinakwenda wapi kwanza. Kikienda chini kutafuta kitufe, mwekee vitufe. Kikienda pembeni, mwachie ukingo, na kabla hujaondoka umwonyeshe jinsi ya kughairi kwa kurudisha kidole kabla ya kuinua. Rudieni zoezi hilo mara tatu pamoja, akiwa ameshika simu yeye.